Simu Iliyowekwa Mezani: Mafunzo Niliyopata katika Kutunza Siri za Wagonjwa

Mama yule aliingia bila kubisha hodi, na hiyo haikuwa desturi yake. Siku zote alikaa mwisho wa benchi, karibu na mlango wa nyuma, akisubiri wenzake wapungue ndipo aje dirishani kuchukua dawa. Siku hiyo alifungua pindo la kanga, akatoa simu ndogo ya tochi, akaiweka mezani mbele yangu.

"Sista, soma."

Nikasoma. Ujumbe ulikuwa umetoka kwetu: Ndugu mteja, unakumbushwa kufika CTC kesho kuchukua dawa. Uliingia saa moja na nusu usiku, watu wa nyumbani wakisubiri chakula. Simu ilikuwa mkononi mwa wifi yake, aliyeiazima kuangalia hesabu ya kikoba.

"Mmeniandikia mimi, au mmewaandikia wakwe zangu?"

Ilikuwa mwaka 2016. Nilikuwa na miaka tisa kazini, mingi kati ya hiyo katika kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ile ambayo Tanzania nzima inaiita CTC. Nilianza wakati kila kitu kikiwa karatasi: kadi ya CTC1 anayoondoka nayo mteja, CTC2 inayobaki kwenye faili, na rejista nzito za kubebwa kwa mikono miwili. Kompyuta zilipoletwa nilifurahi kweli. Zamani mteja akihama au faili likichanganywa, tulipekua makabati asubuhi nzima; sasa karani wa takwimu anabonyeza mara mbili, jina linatokea. Mpango wa kutuma meseji za kuwakumbusha wateja tarehe zao niliuunga mkono tangu siku ya kwanza. Nusu ya namba zile niliziingiza mimi kwa vidole vyangu.

Kwa hiyo sikuwa na jibu la kumpa. Haya ninayoandika hapa nimeyajua kuanzia siku ile, mengine kwa makosa yangu mwenyewe, na wagonjwa ndio waliolipa gharama yake.

1. Uliza simu inalala wapi

Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya namba ya simu. Haikuwa na nafasi ya kuandika simu hiyo hushikwa na nani. Katika nyumba nyingi ninazozijua, simu moja ni ya mama, ni ya watoto wanaochezea gemu, na ni ya jirani anayesubiri kutumiwa hela. Laini imesajiliwa kwa jina la mume kwa sababu siku ya kusajili mke hakuwa na kitambulisho. Meseji za bibi husomwa na mjukuu wa darasa la tano, kwa sauti, ukumbini. Sisi tuliandika "Ndugu mteja" tukidhani tumeficha jina, kisha tukaziacha herufi tatu ambazo hata mtoto wa shule anajua maana yake.

Tulisimamisha meseji zote. Kwa wiki sita tukamuuliza kila aliyefika dirishani: simu hii ni ya nani, nani mwingine huishika, tukutumie ujumbe au tusikutumie, na tukipiga akapokea mtu mwingine tujitambulishe vipi? Majibu yao yalinifundisha kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria. Mkulima mmoja alitaka tuandike kwamba mbegu zimefika. Binti wa chuo alitaka apigiwe na mwelimishaji rika wake tu. Bibi mmoja alisema tarehe zake anazihesabu kwa mwezi unavyoandama, tusimsumbue. Hakuna hata mmoja aliyeona swali ni la ajabu. Wengi walionekana kulisubiri kwa muda mrefu.

Kenya walikuwa wamelifikiria jambo hili kabla yetu. Katika utafiti wa WelTel, uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la The Lancet, watu 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likawa linapokea ujumbe kila wiki wenye neno moja tu: "Mambo?" Mtu alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya siku mbili. Aliyesema ana shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu. Mwisho wa utafiti, asilimia 62 ya waliotumiwa salamu hiyo walikuwa wakimeza dawa ipasavyo, wakati kundi lile jingine lilikuwa na asilimia 50. Ninalipenda neno lile. Wifi angelisoma mara kumi asingeambulia kitu, na mgonjwa angejua kuna mtu anayemuulizia hali.

Yule mama alihama. Alianza kutengewa sahani na kikombe nyumbani, hakuna aliyemwambia neno. Aliomba barua ya uhamisho kwenda wilaya nyingine, safari ya daladala mbili kila mwezi, na barua hiyo niliiandika mimi.

2. Jina likifutwa, mtu hubaki

Usiku mmoja wa mwaka 2018 nilikuwa zamu peke yangu. Wakamleta mvuvi wa miaka sitini na kitu, aliyechomwa na mwiba wa taa siku tatu nyuma na kutibiwa kwa majani. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, ngozi imeanza kuwa nyeusi kuzunguka jeraha. Daktari alikuwa mbali. Nikapiga picha, nikakata uso usionekane, nikaandika "mwanamume, 61, mwiba wa taa, siku ya 3," nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp la watumishi wa afya wa wilaya. Dakika kumi hazikupita, daktari mmoja akajibu: usisubiri asubuhi, mlete sasa hivi. Tukampeleka. Mguu ukapona.

Baada ya siku mbili ile picha ikanirudia. Safari hii ilitoka kwa binamu yangu anayeuza samaki Dar es Salaam, ikiwa na maneno yaliyoongezwa na watu njiani, ya kurogwa na ya mengine nisiyotaka kuyaandika. Chini yake binamu ameuliza: huyu si mzee fulani wa bandarini? Sura haikuonekana. Lakini mzee yule hakuwa na vidole viwili vya mguu ule tangu ujana wake, na pwani yote ile, kuanzia watengeneza mitumbwi hadi mama wauza vitumbua, waliujua mguu wake kama wanavyoijua sauti yake.

Mwanawe mkubwa alinijia kwa heshima. Hakupandisha sauti. "Dada, mguu wa baba umefikaje Dar es Salaam kabla yeye mwenyewe hajatoka hospitali ya wilaya?"

Mwaka 1997 huko Marekani, mwanafunzi aliyeitwa Latanya Sweeney alionyesha jambo hilihili kwa njia ya hesabu. Jimbo la Massachusetts lilikuwa limetoa kumbukumbu za matibabu za watumishi wake kwa ajili ya utafiti, majina yakiwa yameondolewa, na gavana William Weld amewahakikishia watu kwamba hakuna atakayetambulika. Sweeney alinunua daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge kwa dola 20, akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na eneo la posta. Akampata gavana mwenyewe. Baadaye alikadiria kwamba mambo hayo matatu yanatosha kumtambua mtu mmojammoja kwa asilimia 87 ya Wamarekani. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi ya mamilioni ya watu waliosambaa mijini, basi kijijini kwetu, ambako fundi cherehani ni mmoja na mwalimu mjamzito ni mmoja, kufuta jina ni mwanzo tu wa kazi.

Hata takwimu zinaweza kumtaja mtu. Ripoti tunazoingiza kila mwezi kwenye mfumo wa DHIS2 hazina majina, ni idadi tu, na zimetusaidia mno kujua wapi dawa zinaisha na wapi malaria inapanda. Lakini nimewahi kuiona ripoti ikibandikwa ukutani kwenye kikao cha kijiji, ikiwa na mstari unaosema mtoto mmoja, miaka 10 hadi 14, zahanati hii. Kila mtu aliyekuwa kwenye kikao kile aligeuza shingo kumtafuta mzazi.

Sijaacha kutuma picha. Ningekuwa zamu usiku ule tena, ningetuma tena, maana mguu wa mzee una thamani kuliko woga wangu. Ila ningemuuliza kwanza, ningepiga picha ya jeraha peke yake bila wayo, ningemtumia daktari mmoja badala ya watu mia na ishirini, na tukimaliza tungefuta wote wawili. Dakika kumi zile zingebaki dakika kumi.

3. Geuza meza

Kompyuta yetu ya kwanza iliwekwa pale soketi ya umeme ilipo, skrini ikatazama mlango. Miezi minne watu walipita wakisoma majina ya wenzao. Kamba ya umeme ya mita tatu ndiyo iliyolimaliza tatizo lile.

4. Nywila ni saini yako

Karani wetu wa takwimu alikuwa kijana mwema, mchapakazi, na kwa wema wake aliandika nywila yake kwenye kipande cha plasta akakibandika chini ya kibodi, ili akiwa likizo kazi isisimame. Wote tuliitumia. Muuguzi, mfamasia, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, hata mlinzi aliyependa kujifunza kompyuta usiku. Tuliona ni ushirikiano.

Kisha siku moja mchumba wa mtu akakatazwa kuoa. Familia ya mwanamke ilikuwa imepata habari kwamba kijana yumo kwenye orodha yetu, pamoja na tarehe aliyoanza dawa, na tarehe ile ilikuwa sahihi. Uongozi ukafungua mfumo kuangalia nani alilifungua faili lile. Jina lililoonekana ni la karani. Siku hiyo karani alikuwa kwao, Singida, amekwenda kumzika bibi yake.

Aliyefungua hatujamjua hadi leo. Karani alisimamishwa kwa miezi miwili kabla ya kurudishwa, na yule kijana aliyekatazwa kuoa hakurudi tena kliniki kwetu. Nililia siku niliyokwenda kubandua ile plasta. Tulimwonea karani kwa kumwachia alama za vidole vyetu sote, na tulimwonea mteja kwa kumwekea mlango ambao hauwezi kueleza ni nani aliyeupita. Tangu hapo, mtu akiniomba nywila yangu, hata awe bosi wangu, namjibu kama ambavyo ningemjibu akiniomba nimsainie hundi ambayo haijaandikwa kiasi.

5. Siri ikivuja hapa, mgonjwa atafundishwa kudanganya kule

Watu wengi wanadhani kutunza siri na kusambaza taarifa ni mambo mawili yanayovutana, ukiongeza hili unapunguza lile. Na mimi nilidhani hivyo, mpaka mwaka 2017 nilipokutana na baba mmoja fundi seremala.

Alikuja kama mtu mgeni kabisa. Alisema hajawahi kupima. Tukampima, tukamsajili, tukampa ushauri nasaha, tukamwanzishia dawa za mstari wa kwanza kama mwongozo wa wakati ule ulivyosema. Alijibu maswali yote kwa utulivu. Nilishangaa kidogo alipokishika kikopo cha dawa, akakitikisa karibu na sikio kabla ya kukifungua, jambo ambalo wateja wa siku nyingi hufanya. Sikuuliza.

Miezi sita baadaye tukapima wingi wa virusi. Ulikuwa juu sana. Tukamwita, tukamsihi ameze dawa vizuri, tukampa vikao vitatu vya kumhimiza, kila kikao akitikisa kichwa na kukubali. Alizidi kudhoofu. Alipoanza kukohoa na kutokwa jasho usiku, ndipo mkewe, pembeni ya mlango wa maabara, aliponiambia ukweli: mumewe alikuwa na miaka saba kwenye dawa katika mkoa mwingine, na kule alikuwa ameshahamishiwa mstari wa pili kwa sababu dawa za kwanza zilikuwa zimeshindwa. Sisi tulikuwa tumemrudisha kwenye dawa ambazo virusi vyake vimekwisha kuzizoea. Kumbe alikuwa anazimeza kila siku, kwa saa ileile, bila kukosa.

Nilikaa naye kitako. Nikamuuliza, baba, kwa nini hukutuambia?

Akanieleza kwamba kule alikotoka, mhudumu mmoja alipiga picha daftari la waliokosa tarehe, akaituma kwa wahudumu wa jamii ili wamsaidie kuwatafuta. Nia ilikuwa njema. Picha ikafika kwenye kundi la mafundi ambalo yeye alikuwa mwekahazina wake. Wiki hiyo hakuna aliyemletea kazi. Alihama mkoa na msumeno wake na randa zake, akaapa kwamba jina lake halitaandikwa tena pamoja na ugonjwa ule kwa namna inayoweza kufuatwa nyuma. Barua ya uhamisho aliiona kama kamba iliyofungwa mguuni mwake.

Alipona, namshukuru Mungu, ingawa ilichukua zaidi ya mwaka. Lakini mimi nilibadilika. Mtu anayejua taarifa zake zitatunzwa hukupa zote, hata zile za aibu, hata dawa za kienyeji anazozitumia. Aliyeumizwa mara moja atakuja na jina la bandia na historia ya kubuni, na mfumo wetu, hata uwe wa kisasa kiasi gani, utahifadhi ule uongo kwa usahihi mkubwa. Mifumo inayozungumza kati ya mkoa na mkoa ni jambo jema sana. Ingeweza kumwokolea seremala mwaka mzima wa mateso. Haikumwokoa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameshaifunga mdomo.

6. Dole gumba halijasema ndiyo

Nimeshuhudia ridhaa nyingi. "Mama weka dole hapa, na hapa." Wino wa zambarau, kitambaa cha kufutia, anayefuata. Karatasi imeandikwa Kiingereza, au Kiswahili ambacho hata mimi ninakisoma mara mbili.

Siku moja mzee mmoja alikataa. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nikikukabidhi mbuzi wangu umchunge, utaniambia utamlaza wapi, na nani mwingine ana ufunguo wa zizi. Sasa hizi habari zangu zinalala wapi?" Sikujua. Nikaenda kumuuliza karani, karani akampigia mtu wa mkoani, na baada ya nusu saa nilirudi na jibu. Mzee aliweka dole lake.

Tangu siku hiyo nina maswali manne ninayoyajibu kabla mtu hajaniuliza. Ni taarifa gani hasa tunaandika? Nani ataziona, hapa na kwingine? Zitatumika kwa kazi gani? Na swali la nne, ambalo wagonjwa huogopa kulitamka: nikikataa, bado nitapata dawa? Hilo la nne nalijibu kwa sauti ya wazi, ndiyo utapata, kwa sababu nimegundua wengi hukubali kila kitu wakidhani dole gumba ndiyo bei ya vidonge. Mazungumzo haya huchukua kama dakika tano. Siku yenye wateja tisini dakika tano ni nyingi, sikatai, na kuna siku ninashindwa. Siku hizo najua nimeshindwa.

7. Sheria ipo, isomwe

Kwa miaka mingi nilidhani usiri ni suala la maadili ya uuguzi tu, kiapo na dhamiri. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2008 na inaagiza majibu ya kipimo yatunzwe kwa siri. Mimi niliisoma kwa mara ya kwanza baada ya mkasa wa karani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na imeunda Tume ambayo mwananchi anaweza kuipelekea malalamiko. Nimeibandika karatasi yenye haki hizo kwenye ukuta wa benchi la kusubiria. Wapo wanaoisoma, nimewaona wakiifuata kwa kidole mstari kwa mstari.

Lakini hukumu inayonigusa zaidi ni ya Nairobi. Februari 2015 serikali ya Kenya iliagiza maofisa wakusanye taarifa za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI, walezi wao, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha wanaoishi navyo. Lengo lililotajwa lilikuwa kupanga huduma. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda mahakamani, na tarehe 7 Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba agizo lile linavunja haki ya faragha iliyomo katika Katiba, na kwamba majina yaliyokwisha kukusanywa yasihifadhiwe kwa namna inayoyaunganisha na hali za wahusika. Ninawaza watoto wale, mwalimu akiingia darasani na karatasi. Hesabu ya madawati na vidonge inaweza kufanywa bila jina la mtoto hata mmoja.

8. Kundi la familia nalo ni hospitali

Hili la mwisho halikutokea kazini, na ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mwaka 2021 baba yangu aliugua tezi dume. Mkojo ulifunga, akawekewa mpira, ikabidi afanyiwe upasuaji, na fedha hazikutosha. Mdogo wangu akaandika kwenye kundi la familia. Akaweka na picha: baba amelala kitandani, mdomo wazi kidogo, shuka limeshuka, mpira unaonekana, na mfuko wa mkojo umening'inia upande wa mbele. Kundi lilikuwa na watu sitini na tatu, wajomba, wakwe, binamu wa Mwanza, na wengine ambao hata sura zao sizikumbuki. Ndani ya siku tatu michango ilifika shilingi milioni moja na laki saba. Baba akafanyiwa upasuaji.

Mimi ni muuguzi. Niliiona picha ile dakika ya kwanza, na sikusema neno, kwa sababu fedha zilikuwa zinaingia.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Alipopona, Ijumaa ya kwanza aliyorudi msikitini, mwanafunzi wake wa zamani alimshika mkono akampa pole ya tezi, na akamwambia kwamba picha ile ilimtoa machozi. Baba alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti chake cha barazani, akatuita wote wanne.

"Nashukuru kwa fedha," akasema. "Nataka kujua kitu kimoja. Nilikuwa macho asubuhi ile. Nilikunywa uji, niliongea. Nani kati yenu aliniuliza?"

Hakuna aliyejibu. Mdogo wangu alitoa simu akaifuta picha pale pale mbele yake. Baba akamtazama tu. Sote tulijua ilikuwa imebaki kwenye simu nyingine sitini na mbili, na kwingine kusikohesabika. Mpaka leo baba hapigi picha na wajukuu bila kuuliza inakwenda wapi.

Miaka miwili baadaye shangazi yangu, dada yake baba, aligundulika ana kansa ya matiti, na akapewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road. Nauli, mahali pa kufikia, vipimo. Ikabidi tuchangishane tena. Safari hii nilikwenda kukaa naye ukingoni mwa kitanda, nikamwambia, shangazi, tunataka kuwaomba ndugu msaada, nikusomee nilichoandika?

Akaniambia nisubiri. Akajifunga kilemba vizuri, akavaa miwani, akaichukua simu mkononi mwake akasoma mwenyewe, polepole, midomo ikicheza. Alifika kwenye neno "titi" akasimama.

"Hili toa. Weka 'kansa' tu. Watoto wa kaka wamo humo." Akaendelea kusoma. "Na namba ya kutumia hela usiweke ya kaka yako, weka yangu, nataka nijue nani katoa nimshukuru kwa jina."

Nikafuta, nikabadilisha. Nikamuuliza kuhusu picha. Akafikiri, akasema ipo ile ya harusi ya mwanawe, amevaa gauni la kijani, anacheka. Iwekwe hiyo, wamkumbuke vile. Nikaitafuta kwenye simu yangu, nikamwonyesha. Akaisogeza karibu na macho, akairudisha.

"Haya, sasa tuma."